Mngurumo Alioutangaza Mheshimiwa

Jina la nchi yangu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Lilibadilishwa mwaka juzi na jina jipya bado halijazinduliwa, kwa hiyo kwa sasa tunaishi hivyo hivyo bila jina, na mambo yanakwenda vizuri sana.

Msomaji wa nchi nyingine huenda asielewe, basi nimweleze. Kwetu kitu hakihesabiki kuwa kipo mpaka mkubwa akizindue. Ndivyo isemavyo Sheria ya Uzinduzi, na ni sheria nzuri. Choo cha shule yetu ya msingi kilikaa na kufuli tangu kipakwe rangi, kikimsubiri mgeni rasmi, watoto wakajisaidia kichakani nyuma yake, na akaajiriwa mlinzi asije mtoto mwenye haraka akakizindua kwa bahati mbaya. Daraja la mto wetu lilikamilika wakati wa masika, likafungwa utepe, na watu wakawa wanavuka kwa kuogelea pembeni yake, nguo kichwani, wakilitazama. Baadhi yao walichukuliwa na maji. Mgeni rasmi alipokuja aliwataja katika hotuba kwamba walikufa wakiwa na subira, na umati ukapiga makofi.

Makofi yale niliyaongoza mimi. Mimi ndiye mshereheshaji wa wilaya, watu wananiita Kidevu, na kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kuwaambia wananchi wakati wa kufurahi umefika. Ni kazi ya heshima. Nina suti ya kijani iliyotolewa na ofisi, na kila shughuli napewa pilau na soda ya baridi.

Nimejitambulisha ili msomaji ajue kwamba haya ya pikipiki ya Sikudhani Mgata hayakutoka kwa mtu mwenye chuki na serikali. Yametoka kwa mtu aliyekuwa amesimama palepale.

*

Sikudhani ni mjane na mkulima wa vitunguu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kijiji chetu kiko mbali na hospitali, na mgonjwa wetu hupelekwa kwa kitanda cha kamba, wanaume wanabadilishana mabega. Binti yake mkubwa, Semeni, alipelekwa hivyo siku ya uchungu wake, na alifia juu ya kitanda kabla mabega hayajafika. Sasa mdogo mtu, Tulinave, alikuwa na mimba ya kwanza, mumewe yuko mashamba ya mkonge huko, na Sikudhani akaapa mbele yetu sote kwamba huyu hatabebwa kwa kitanda. Akauza shamba. Akaagiza pikipiki mpya.

Kwetu pikipiki haziuzwi wilayani. Zinauzwa Makao Makuu tu, safari ya kulala njiani, ili kila mwananchi apate sababu ya kuyaheshimu Makao Makuu. Muuzaji ni kampuni moja iitwayo Kasi na Heshima, nayo haipokei mteja dukani kwa sababu wateja huchafua sakafu. Unatuma hela, unasubiri, unaletewa.

Na kweli ililetwa, juu ya lori la saruji, imefungwa nailoni kama peremende. Nyekundu. Ina vioo viwili na kengele ya ziada. Sikudhani aliizunguka akiwa ameshika mdomo, akamwita Tulinave aje aone, na Tulinave akaja taratibu na tumbo lake akakigusa kiti.

"Mama, hiki kiti ni laini kuliko kitanda changu."

"Ndio usafiri wako huo, mwanangu. Utakwenda nacho hospitali umekaa kama bibi harusi."

Lakini nailoni haikufunguliwa. Mtendaji wa kijiji alikuwa ameshafika na utepe.

*

Mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Gwandumi, kijana mwenye sauti nzito kuliko umri wake. Alikuja na msafara, akakaa kwenye kochi lililoazimwa kwa mwalimu mkuu, akahutubia kuanzia jua la asubuhi mpaka kivuli cha turubai kilipotuhama.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna nchi ambazo pikipiki zinanunuliwa tu, zinapandwa tu. Hizo ni nchi zisizo na mwelekeo. Sisi pikipiki yetu ina itifaki! Mama huyu amenunua kwa fedha zake, lakini nauliza, fedha zake zimetoka wapi? Zimetoka kwenye shamba la vitunguu. Vitunguu vimetoka wapi? Ardhini. Na ardhi ni ya nani?"

"Ya serikali!" tukajibu, kwa kuwa nilikuwa nimeinua mkono.

"Kwa hiyo pikipiki hii serikali imemletea!"

Sasa ni lazima nieleze desturi, maana kila kilichofuata kilitoka hapo. Kwetu mgeni rasmi haendeshi kitu mwenyewe. Hukaa juu yake na watu humsukuma kama bwana harusi. Na pindi anapogusa ufunguo, akina mama hupiga vigelegele, bendi hupuliza, na mimi hupandisha spika mpaka mwisho. Hiyo yote ni heshima kwake. Ina faida nyingine, kwamba tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kujua kama kilichozinduliwa kinafanya kazi.

Basi Mheshimiwa akakaa, akazungusha ufunguo, bendi ikalipuka, vijana wakasukuma, Sikudhani mwenyewe akisukuma kwa nyuma huku analia kwa furaha, wakamzungusha uwanja mzima. Aliposhuka alikuwa anatoa jasho, maskini, ingawa waliosukuma walikuwa wengine.

"Nimeusikia mngurumo!" akasema kwenye kipaza sauti. "Pikipiki hii inanguruma kama maendeleo yetu!"

Redio ya taifa ikarusha maneno hayo jioni ile ile, baada ya salamu za wagonjwa.

*

Kesho yake Sikudhani alipiga kiki mpaka kiatu kikakatika. Pikipiki haikukohoa hata kidogo. Akaitwa Chogo, fundi wa baiskeli, akafungua nati za ubavuni. Ndani hamkuwa na injini. Kulikuwa na sponji, lile la kwenye makochi, limekatwa vizuri kufuata umbo. Kumbe ilikuwa pikipiki ya maonyesho, ile inayowekwa juu ya meza yenye kitambaa ili wapita njia waitamani.

Sikudhani akapanda kilima chenye mtandao, akapiga simu Kasi na Heshima. Kwanza kwaya ya watoto ilimwimbia kwamba simu yake ni ya thamani sana, mpaka salio likaisha. Akaongeza salio akaimbiwa tena. Alipofanya hivyo mara nyingine akapokewa na Bwana Mkwizu, Meneja wa Furaha ya Wateja.

"Mama yangu mpendwa," alisema Mkwizu, "hongera kwa pikipiki."

"Haina injini, baba. Mmeniletea sponji."

"Mama, mimi nina redio. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ameusikia mngurumo, na taifa zima limemsikia akisema. Au unataka kuniambia Mheshimiwa amesema uongo?"

Pale kilimani palikuwa na watu wengine wanaosubiri mtandao, na wote, alinisimulia Sikudhani, wakasogea mbali naye kidogo.

"Sijasema hivyo."

"Alhamdulillahi. Maana neno hilo lina kifungo, na sisi tunawapenda wateja wetu wakiwa nje. Nenda kwake Mheshimiwa. Akisema hakusikia, mimi nakuletea nyingine kesho."

*

Akaenda. Akamwamkia Mheshimiwa Gwandumi shikamoo, ingawa angeweza kumzaa, kwa kuwa kwetu umri wa mtu huhesabiwa kwa gari lake.

"Mheshimiwa, ile pikipiki haina injini."

"Ilikuwa nayo."

"Fundi ameifungua. Ni sponji."

"Mama, mimi nimekaa juu yake kwa makalio yangu haya. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma, naisukuma."

"Umeona? Mtu anayesukuma hasikii injini."

Hata hivyo Mheshimiwa ni mtu wa huruma, akaitisha kikao cha wataalamu. Walikaa kwenye ukumbi wenye feni wakala sambusa wiki nzima, na hitimisho lao nililisoma mimi mwenyewe kwenye spika siku ya gulio. Lilikuwa hitimisho zuri. Kwamba pikipiki ilinguruma siku ya uzinduzi, kwa kuwa imetangazwa hivyo. Kwamba sasa haingurumi, kwa kuwa mwenyewe analalamika. Kwa hiyo imeharibika katikati, na hakuna aliyekosea. Ila huko kuharibika bado hakujazinduliwa, na kabla ya kuzinduliwa hakupo, na kitu ambacho hakipo hakiwezi kudaiwa kwa muuzaji. Na kwa sababu uzima wake ulizinduliwa na Mkuu wa Wilaya, uharibifu wake hauna budi uzinduliwe na mtu mkubwa kuliko yeye. Waziri akaandikiwa.

Wakati huohuo, ili asije mtu akadhani kwamba kitu kilichozinduliwa na Mheshimiwa kimesimama, mtendaji akaamuru pikipiki isukumwe kijijini kila Jumatatu na watu waipishe njia. Sikudhani akaisukuma. Jumatatu ya pili askari akamkamata kwa kosa la kusukuma bila kofia ngumu.

Alipotolewa alipitia kwangu. Nilikuwa nanyoosha suti.

"Kidevu, mdogo wangu," akasema, "siku ile ulisimama karibu na ile pikipiki kuliko mtu yeyote. Uliusikia mngurumo?"

"Dada, siku ile nilikuwa kazini. Kazi yangu si kusikia."

Akanitazama. Sikupenda alivyonitazama, na nasema wazi kwamba pasi ilinichomea kola.

"Mtoto anakaribia," akasema. "Mimi sitaki ugomvi na mkubwa yeyote. Nataka kitu chenye magurudumu kiende, basi."

*

Waziri alikubali, na ikatangazwa siku ya Uzinduzi wa Hitilafu ya Pikipiki. Haijawahi kutokea shughuli kubwa kama ile wilayani kwetu. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa. Mbuzi wote walifungiwa. Bwana Mkwizu alikuja kwa gari lenye kiyoyozi, yeye ndiye mdhamini, akagawa fulana nyekundu zenye maneno KASI NA HESHIMA: TUKO PAMOJA NAWE, na vijana wote wenye mabega wakapewa fulana na kuambiwa wasiondoke uwanjani, kwani ndio wangemsukuma Waziri. Barabara ya kwenda hospitali ikafungwa tangu alfajiri kupisha msafara, na msafara ulipoingia ukaegeshwa humo humo barabarani, magari yamepangana kutoka uwanjani mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga, meusi, yanameta, yote yanawaka injini ili kiyoyozi kisife. Nilijisikia fahari. Mngurumo ule kila mtu aliusikia.

Asubuhi hiyo hiyo Tulinave akashikwa na uchungu.

Yaliyotokea barabarani sikuyaona. Nayasema kama nilivyosimuliwa na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye ni rafiki yangu na mtu mwadilifu sana. Ndiyo, gari la wagonjwa lilikuwepo. Lilikuja na Waziri.

Sikudhani alikuja amemshika binti yake kwapani, na mwanamke mwingine upande wa pili, wanatembea na kusimama, wanatembea na kusimama. Walitafuta wanaume wa kitanda wakaambiwa wako uwanjani kwenye fulana. Wakapita gari moja moja wakigonga vioo. Kila dereva aliteremsha kioo kwa adabu na kusema gari hili limekuja kwa shughuli ya pikipiki, mama. Wakafika kwa rafiki yangu.

"Baba, hili si la wagonjwa?"

"Ni la wagonjwa, mama. Lakini ni la Mheshimiwa Waziri."

"Kwani anaumwa?"

"Hapana, mama. Ni mzima kabisa. Ndiyo maana tumelileta, asije akaumwa."

"Mwanangu anakufa, baba. Mtazame."

Rafiki yangu alimtazama. Aliniambia alimtazama vizuri, na moyo ukamwuma, akachukua redio ya upepo akaomba ruhusa, na mkubwa wake akajibu kwamba ruhusa anatoa Waziri, na Waziri anahutubia. Basi wakamlaza Tulinave nyuma ya gari, chini, kwenye kivuli chake, kwa kuwa kivuli hakihitaji ruhusa.

*

Uwanjani mambo yalikwenda kwa ratiba. Pikipiki ilikuwa imefunikwa kitambaa cheusi na kuzungushiwa utepe. Waziri alizungumza juu ya uharibifu kama hatua. Alisema nchi ambayo vitu vyake haviharibiki ni nchi isiyotumia vitu vyake, na majirani zetu wanatuonea wivu. Akavuta kitambaa, akakata utepe, akaweka mkono kifuani.

"Kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba pikipiki hii imeharibika!"

Nikainua mkono, bendi ikalipuka, vigelegele vikapaa. Mheshimiwa Gwandumi alipiga makofi kuliko wote, maana sasa yeye na sponji wote walikuwa na haki. Mkwizu akasimama, akasema Kasi na Heshima haijawahi kumkana mteja aliyefuata utaratibu, na akamkabidhi Waziri ufunguo wa pikipiki mpya, ufunguo mkubwa wa kadibodi uliopakwa rangi ya dhahabu, ili naye amkabidhi mwenye pikipiki. Wapiga picha wakapiga magoti.

"Na sasa," nikasema, "neno la shukrani kutoka kwa mwenye pikipiki, mama yetu Sikudhani Mgata! Makofi yamlete!"

Makofi yakapigwa, hakuja. Nikamwita tena. Waziri akatazama saa. Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha njia, na wale wa mbele waliokuwa wanacheka wakanyamaza, na akatokea. Kanga yake ilikuwa na damu mpaka magotini. Mikononi alishika kitu kimefungwa kwenye kanga ya binti yake, ile ya maua ya zambarau ambayo kila siku huanikwa kwenye ukuta wetu.

Akaninyang'anya kipaza sauti. Mtu hajawahi kuninyang'anya kipaza sauti. Alikiweka karibu na kile alichokibeba, na kichanga kikalia, na kwa kuwa spika zilikuwa zimepandishwa mpaka mwisho, kilio kikajaa uwanja wote, kikapiga ukuta wa shule kikarudi.

"Ule mngurumo mliusikia, wakati haukuwepo," akasema Sikudhani. "Huyu je, mnamsikia?"

Hakuna aliyejibu. Sikuwa nimeinua mkono.

"Mama yake yuko kule barabarani, nyuma ya gari lenu la wagonjwa. Amekufa. Nilipiga vioo mpaka mwisho wa magari." Sauti yake haikupanda. Alikuwa anamtazama Waziri kama mtu anayeuliza bei. "Lakini kwetu jambo halipo mpaka mkubwa alitamke. Mheshimiwa, umesafiri kutoka mbali kuja kutamka pikipiki. Basi tamka na hili, kwamba mwanangu amekufa, nikamzike."

Waziri alimgeukia katibu wake. Katibu akafungua ratiba, akaipekua mbele na nyuma, akatikisa kichwa. Mkwizu alikuwa bado ameshika upande mmoja wa ufunguo wa kadibodi, hajui auweke wapi. Bendi ilikuwa inanitazama mimi, umati ulikuwa unanitazama mimi, kila mtu alikuwa anasubiri aambiwe ni wakati wa nini. Na mimi nina miaka mingi katika kazi hii. Mdomo wangu ulijifungua wenyewe.

"Makofi kwake," nikasema.

Na wakapiga. Nchi yetu ina watu wenye nidhamu.

*

Sikudhani hakusubiri majibu. Alimzika Tulinave jioni ile, kando ya Semeni, bila mgeni rasmi na bila mshereheshaji, akiwa amemfunga mjukuu mgongoni. Jeneza lilibebwa na wale vijana wenye mabega, na kwa kuwa hawakuwa na muda wa kubadilisha nguo, walimpeleka kaburini wakiwa na zile fulana. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wangu. Sikuitwa. Nilivua suti nikakaa na singlendi mpaka mbu waliponirudisha ndani, na nilijichukia, ingawa sina hakika kama hilo linaruhusiwa.

Kuna mashtaka madogo dhidi yake, ya kuzika kifo ambacho hakijatamkwa. Naamini yatakwisha vizuri.

Pikipiki mpya imeshafika. Kasi na Heshima wametimiza ahadi, hilo lazima lisemwe. Iko kwenye veranda ya ofisi ya mtendaji, ndani ya nailoni, na safari hii ina injini, kwa mujibu wa barua. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa mpaka izinduliwe, na mgeni rasmi ameshathibitisha.

Ratiba nimeipanga mimi. Saa ya bendi ipo, saa ya hotuba ipo, saa ya kusukuma ipo. Mahali palipoandikwa neno la shukrani nimepaacha wazi. Nimekwenda kugonga kwa Sikudhani na ratiba yangu mkononi, na kila nikigonga nasikia kichanga kinalia ndani, na mlango haufunguliwi.